Kumwogesha Baba Zuhura

Jumatatu, 4 Mei
Lifti bado mbovu. Miezi saba sasa. Maji ya bomba nayo hayafiki juu, nimepandisha ndoo mbili mpaka ghorofa ya tisa. Baba Zuhura nimemgeuza, nimembadilishia shuka, nimemlisha uji. Nusu kinywani, nusu kifuani. Nikamgombeza. Tangu apooze upande wa kushoto namgombeza kila asubuhi, halafu najichukia mpaka adhuhuri.

Jumamosi, 9 Mei
Jirani yetu Mrundi kakaa na mgonjwa, nikashuka mjini kufagia ule ukumbi wa Wahindi wanaotafakari. Leo mwalimu wao, Bi Sarla, kaniambia niweke fagio chini nikae. Falsafa yao wanaiita Advaita: hakuna viwili. Mimi, mgonjwa, ndoo, vyote kitu kimoja. Ndani yetu yumo anayetazama tu, hachoki, hakasiriki. Hudumia watu, akasema, ila usijione wewe ndiye mtendaji. Nikafumba macho. Kifua kikaachia, mara ya kwanza mwaka huu. Sijabadili dini. Nimekaa tu.

Jumatano, 13 Mei
Nikishaswali alfajiri nakaa kimya dakika ishirini. Kisha namwogesha huku nasema moyoni: anayeogesha si mimi. Dawa kweli! Kamwaga uji, sikusema neno. Kajisaidia kitandani, sikusema neno. Sina hasira. Sina chochote.

Ijumaa, 15 Mei
Shemeji Hamza kapiga simu kutoka Tanga. Kumteremsha kaka yake ngazi zote hizi, kisha siku kadhaa ndani ya basi, haiwezekani, hilo analijua. Lakini wewe rudi nyumbani, shemeji, anasema. Mrundi atamwangalia. Zuhura anakua huku bila mama. Nikamjibu nitafikiri. Uongo. Nilishafikiri zamani. Basi linaondoka Jumanne na nataka kupanda. Nataka mno. Nimetafakari mara mbili leo ili nisione aibu.

Jumapili, 17 Mei
Leo nilikuwa namwogesha, akaikamata kanga yangu kwa mkono wake mzima. Maneno yake siku hizi hutoka kwa taabu, moja moja.
"Mama Zuhura. Mimi sijafa."
Sikumwelewa. Kisha nikajitazama. Shuka nimemfunika kiunoni, kitambaa nimejifunga mkononi, nimeanzia upande wa kulia, taratibu, mdomo nimeufumba. Ndivyo tulivyomwosha marehemu mama yangu. Siku zote hizi mume wangu namwosha kama maiti.
"Nigombeze," akasema.
Nililia kwa sauti mpaka Mrundi akagonga ukuta. Halafu nikamgombeza. Uji, ngazi, nchi hii aliyonileta mwenyewe, kila kitu. Na basi la Jumanne. Nikamwambia wazi kuwa nataka kumwacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niende. Na hilo nalo nikamgombezea.

Jumanne, 19 Mei
Basi limeondoka saa nne. Nilikuwa hapa, nafua shuka. Hamza nimemwambia siji. Zuhura aliomba simu, nikazungumza naye, na sauti yake imeniuma mwili mzima. Nimefungwa hapa. Sitajidanganya kwamba kuna anayetazama tu asiyeumwa. Jumamosi nitamweleza Bi Sarla: mwalimu, nilidhani ili tusiwe wawili lazima mimi nisiwepo.
Mchana nimemwogesha, jua limeingia hadi kwenye beseni. Nimempigia kelele kwa ajili ya ndevu zake, kacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu kaninyooshea kidole miguuni. Visigino vimenipasuka kwa baridi na hizi ngazi. Nikaketi juu ya ndoo, nikaiweka miguu yangu kando ya yake ndani ya beseni. Akachota maji kwa kikombe, akanimwagia. Mengi yalikwenda sakafuni. Akachota tena. Maji yalikuwa yameshapoa, nami nikamwacha ayamalize.