Mita Ishirini na Nne

Jumatatu, 13 Januari

Nimechora laini za uwanja kwa chokaa. Magoti yanauma. Tangu Desemba kona ya chini ni shamba la viazi vya jikoni, amri ya mwalimu mkuu. Vigingi vya kona hiyo nilivisogeza ndani, vya upande wa choo nikavisukuma nje kufidia. Kwa kukadiria tu. Madam Wanjiru, mwalimu mpya wa michezo, ameuliza kama mzunguko bado ni mita mia nne. Nikasema ndiyo. Miaka kumi na tisa natunza uwanja huu na kukimbiza wasichana. Nani wa kunipimia?

Ijumaa, 17 Januari

Mungu ni mwema. Leo tumewapima muda. Wasichana walitoka kama ndama waliofunguliwa. Mercy wa kidato cha tatu, mita elfu moja na mia tano, 4:42. Mwaka jana alikuwa kwa dakika tano. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Madam akawaambia kila mmoja aandike lengo lake la msimu kwa mkono wake. Karatasi zimebandikwa kwa mlango wa stoo. Mercy ameandika 4:35. Kuna kambi ya wakimbiaji huku Molo, inachukua msichana mmoja na kumsomesha. Kocha wao atachagua kwa mashindano ya kaunti. Mama Mercy analima viazi vya watu. Mlango mwingine hawana.

Jumanne, 4 Februari

Mvua imefuta laini. Nikachukua kamba ya mita ishirini, na safari hii nikapima. 376. Nikarudia. 376. Mara ya tatu polepole, nikiomba. Mita ishirini na nne hazipo. Zile mbio zote tulizoandikia malengo zilikuwa fupi.

Sijala.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwambia Madam. Malengo yameshafika kwa mwalimu mkuu, akasema, na watoto wana moyo.

"Mzee, tukiwaambia saa hii, si tutawamaliza?"

Nikasema sawa. Mbele za Mungu naandika: nilisema sawa. Tena nilishukuru, kwa sababu aibu ilikuwa yangu.

Jumapili, 16 Februari

Mama Mercy alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Akashukuru kwa mbio za binti yake, akanitaja kwa jina. Watu wakasema amina. Na mimi nikasema. Mdomo huu.

Alhamisi, 6 Machi

Nakuru, mashindano ya kaunti. Uwanja wa mita mia nne za kweli.

Mercy alitoka na kasi ya karatasi yake. Mizunguko miwili akaongoza. Wa tatu miguu ikakataa. Wakampita mmoja mmoja kama amesimama kungoja gari. Wa tisa, 5:11. Aliyeshika nambari tatu alimaliza kwa 5:01. Mercy wangu angekimbia mbio zake mwenyewe, angekuwa hapo hapo.

Kocha wa kambi amechukua msichana wa Kuresoi, huyo huyo wa nambari tatu. Mercy alikaa kwa nyasi, viatu mkononi.

"Nimekuangusha, Baba Sila."

Nikamwambia anywe maji.

Ijumaa, 7 Machi

Gwaride la asubuhi shuleni. Mwalimu mkuu amesema kuna wasichana wanaandika makubwa halafu wanakuwa wavivu. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Madam aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nyuma na reki, kimya kama mti.

Nawachukia wote wawili. Na mimi mwenyewe najichukia kuwazidi. Nimejaribu kuomba, haikutoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda kwa kina Mercy. Nimewaambia yote, vigingi, kamba, Madam, ile sawa yangu. Mercy alisikiliza akimenya viazi.

"Ulijua tangu lini?"

Tangu tarehe nne mwezi wa pili.

"Wiki nne. Na kila jioni ulikuwa unanipigia makofi."

Akaendelea kumenya. Mama yake alinimiminia chai. Siku zote huniambia niiombee kwanza. Leo alinipa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Baridi. Ukungu mpaka saa mbili. Nikienda kazini nimemkuta Mercy barabarani anakimbia peke yake, bila saa, bila mtu wa kumhesabia. Aliniona. Hakusimama.

Nikatoka barabarani, nikasimama kwa mtaro mpaka akapita.