Fyuzi Yenye Doa Jeusi

Mshauri wetu mpendwa, nakuomba unisaidie haraka kabla sijafanya jambo la kwenda kuelezwa mbele ya wazee, maana tangu Jumanne mimi na mume wangu tunaishi humu ndani kama abiria wawili wasiojuana, na nikisikia tu anavyokoroga chai yake natamani kumnyang'anya kijiko.

Mimi ni fundi wa maabara hospitalini, naingia kazini saa moja kamili asubuhi, na kila siku, binti yetu kando yangu siku za shule, naendesha gari la spoti la viti viwili aliloniachia marehemu shangazi yangu, lina miaka ishirini na tisa, na taa zake za mbele ni zile za kuinuka ukiziwasha, ila ya kushoto huinuka ikijisikia, ndiyo maana mtaa mzima unaliita Konyeza. Wacha wacheke. Gari hilo nalitengeneza mwenyewe kama shangazi alivyonifundisha, kila nati nikishaikaza naipaka mstari wa rangi nyekundu ya kucha ili ikilegea nione mstari umekatika, na fyuzi zikiungua sizitupi, nazitia doa jeusi na kuziweka kwenye kopo la jamu ndani ya droo ya jikoni, ziwe sampuli ya kupeleka dukani. Usidhani najisifu, nataka tu uelewe kwamba mimi si wa kubabaishwa na gari.

Sasa muhula huu Konyeza likaanza kugoma, tena asubuhi za mvua tu, unapiga stata, injini inazunguka wee, haishiki, pampu ya mafuta kimya, na mimi nimeshavaa sare, sina muda wa kufunua chochote, mume wangu anakuja na mwavuli ananigusa bega, "Mama, liache tu, twende na basi sote, mtoto asichelewe shule." Jioni nikirudi, ufunguo mmoja, linawaka! Nikasema ni unyevu, kuna waya unalowa mahali. Jumamosi tatu mfululizo nimelala chini ya gari hilo, nimeshusha tangi, nimebadilisha waya, mikono inanuka petroli hadi kwenye chakula, na mume wangu, mwalimu wa hisabati asiyejua jeki inaingia wapi, amechuchumaa pembeni ananishikia tochi. Likizo fupi ya katikati ya muhula mvua ilinyesha wiki nzima na gari likawaka kila siku bila hata kukohoa, nikajua nimelitibu, shule zilipofunguliwa tu na mvua ya kwanza, ugonjwa ule ule, kazini nimechelewa mara nne, msimamizi ameniandikia barua ya onyo, ya kwanza katika miaka kumi na moja!

Jumanne mvua ilinyesha, likagoma, nikasema leo sipandi basi la mtu, nikapiga magoti na sare yangu, nikafungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, na pale pa fyuzi ya pampu nikakuta fyuzi yenye doa jeusi. Doa langu! Kutoka kwenye kopo langu! Imepachikwa pale ili nikichungulia nisione pengo. Nikageuka, yeye kasimama na begi la mtoto mkononi.

"Hii nini?"

"Fyuzi."

"Nani kaiweka?"

"Mimi."

Macho makavu! Kumbe mvua ikinyesha alfajiri anaipachika mbovu, akitoka shule anairudisha nzima kabla sijafika, ati kwa sababu ya mtoto, akaanza wimbo wake wa mkanda, maana kishikizo cha mkanda wa kiti cha abiria hakishiki tangu mwezi wa tatu, nami binti yetu wa miaka saba namfungia kwa fundo, fundo zuri tu, na siendeshi kwa fujo, na kishikizo chenyewe nimeuliza maduka mawili hakuna, hayo nimeshamjibu kila alipoimba. Mtoto ni kisingizio. Wifi yangu alipiga simu siku hiyo hiyo kusema kaka yake amefanya vizuri, mwanamke gani anashinda chini ya gari miguu nje, ndipo nikajua njama imetoka wapi, wanataka niliuze gari la shangazi.

Mshauri, alinishikia tochi! Nilikuwa natafuta ugonjwa aliouweka yeye, naye ananimulikia! Mtu huyo nitamwamini na nini tena? Nifunge virago au nimfungie yeye?

Mwenye Konyeza

JIBU

Mwenye Konyeza, nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika pamoja nawe. Mara ya pili nikakukasirikia wewe.

Nianze na mumeo, maana najua atalisoma gazeti hili akijificha. Mwalimu, huna haya? Mtu mzima unanyata jikoni kuiba fyuzi mbovu! Ulikuwa na neno la maana, ukalisema, halikusikika. Basi ungelisema tena kwa sauti ya kutikisa vikombe. Ungekaa kwenye kiti kile chenye mkanda mbovu na kukataa kushuka. Wewe ukachagua mwavuli na tochi. Ile barua ya onyo ni yako: Jumatatu utakwenda kwa msimamizi wa mkeo na kumweleza kwa kinywa chako ulichofanya. Na dada yako mwambie ashughulike na nyumba yake.

Haya, sasa wewe. Mstari wa rangi ya kucha ukikatika kwenye nati unauona. Hebu soma barua yako mwenyewe. Likizo mvua ilinyesha wiki nzima na gari likawaka. Anayetaka uuze gari angepumzika likizo? Liligoma siku za mvua, barabara inateleza, mtoto yuko kwenye kiti kile. Siku za jua mumeo alikuwa anabana pumzi tu mpaka jioni.

Fundo, mama! Mkanda uliofungwa fundo ni kamba. Breki moja ya ghafla na hiyo kamba ikiwa tumboni mwa mtoto wa miaka saba... simalizii, wewe unafanya kazi hospitali. Umeshusha tangi zima kutafuta unyevu ambao haupo, na kishikizo umeuliza maduka mawili ukachoka. Mumeo alikudanganya, ni kweli. Lakini ukweli alikuwa ameshakuambia, ukauita wimbo.

Gari ni lako, usiliuze kwa ajili ya mtu. Kuanzia kesho binti anapanda basi na baba yake, iwe mvua au jua. Jumamosi hii nenda kwa wauza magari chakavu, ung'oe kwenye gari lolote mkanda mzima utakaokaa kwenye lako, uufunge kwa nati zako na rangi yako, kisha baba mtu ajifunge nao kwanza na wewe ukanyage breki. Usifunge virago. Kumsamehe pia usimsamehe wiki hii, hana haraka.

Lakini kabla ya yote hayo, weka gazeti chini, toka nje sasa hivi, ukalifungue lile fundo. Ukirudi ndani, endelea kukasirika ulipoishia.