Ngoma, Padri na Nyuki

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Ekutere za masikio, zile za kusikilizia muziki, zimefika kutoka Kindu. Aina tatu, zote bila jina la kueleweka. Nimezibatiza mwenyewe. Nyeusi: Ngoma. Besi yake, ile sauti nzito ya chini, inapiga mpaka mu tumbo. Za kijivu: Padri, maana sauti ya mutu inatoka wazi lakini muziki unakuwa kama mahubiri. Nyeupe: Nyuki. Besi hakuna hata kidogo. Zzz, zzz. Ekutere ya kumupatia shemeji usiyemupenda.

Nimejaribu zote kwa wimbo mumoja, saa nzima. Ngoma imeshinda. Nimeandika kwa karatasi, nimebandika kwa meza: NGOMA WA KWANZA, PADRI WA PILI, NYUKI AENDE PORINI. Watu wanasimama kusoma. Mu soko lote la Kasongo hakuna mwenye masikio kama yangu. Niliacha masomo mu mwaka wa tatu sekondari, lakini masikio hayakuacha.

Mama Safi, yule anauza karanga pembeni yangu, anasema masikio makubwa hata punda iko nayo. Nimemwambia punda hana meza.

Ngoma moja nimejichukulia. Simu yangu ilianguka mu ndoo ya maji, spika ikafa. Bila ekutere iko bubu.

Zaina angecheka ile ya punda. Wiki ya tatu sasa iko Wamaza, baba yake amehamishia biashara kule.

Jumatano, tarehe 8

Shabani amerudi kutoka Wamaza. Ni motari, anabeba watu kwa pikipiki, rafiki yangu tangu shule ya musingi. Kule rezo ya simu inakuja ikitaka, basi mutu anarekodi sauti yake, anaiweka mu kadi ya memori, anampa motari. Shabani ameniletea kadi. Imefungwa mu kipande cha kitambaa cha Zaina, kile cha maua ya njano.

Siku anaondoka nilimuuliza kitu kimoja. Atanigoja mpaka nitoke kwa meza, niingie mu duka lenye mulango, ndio nije kumuposa? Alisema atafikiri.

Nimevaa Ngoma. Kwa nyuma mutu anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, kinu kinapiga tu, tu, mpaka mu meno. Halafu yeye. "Nimefika salama. Nimefikiri sana. Nitakungoja. Uniombee kwa kanisa lenu, na mimi nitakuombea kwa musikiti."

Nitakungoja. Nimesikiliza mara kumi na moja. Nimecheka peke yangu kama mulevi.

Shabani amenipiga bega, amesema, "Wewe ni mwanaume." Najua.

Ijumaa, tarehe 10

Nimeambia kila mutu. Hata muuza chumvi ambaye hatusemeshani.

Nimetuma habari Lusangi kwa baba mudogo, yeye ndiye alinilea. Aende Wamaza kunisemea kwa baba ya Zaina. Duka litakuja. Musichana akikubali kungoja, usimuache angoje bila watu wako kujulikana.

Sijalala vizuri. Furaha nayo inachosha.

Jumapili, tarehe 12

Baba mudogo amefika na jogoo mwekundu, munene, mwenye dharau. Kwetu hauendi kusema posa na mikono mitupu. Amevaa koti ya marehemu babu. Mikono ya koti inafika mpaka kwa vidole. Sikucheka. Nilikaribia.

Nilitaka Shabani amupeleke. Shabani ameangalia jogoo, ameangalia mimi. Anasema pikipiki yake iko na pane, haiwaki. Jana ilikuwa inapanda mulima wote na watu wawili. Nimemwambia iko na wivu tu, yeye hakuna musichana anayemugoja popote.

Baba mudogo ameenda na motari mwingine. Jogoo ametoa kichwa mu kikapu, anaangalia muji kama chifu aliyekuja kukagua.

Jumatatu, tarehe 13

Niandike pole pole.

Asubuhi amekuja mwalimu wa kwaya. Anataka ekutere ya kusikiliza maneno ya waimbaji wake. Anabishana na karatasi yangu. Nikamwambia angoje, nimuonyeshe. Nikaweka sauti ya Zaina. Kusema ukweli nilitaka mwalimu naye ajue kwamba iko mutu ananigoja. Majivuno. Nikavaa Nyuki kwanza mimi mwenyewe, ili nimueleze vizuri ubaya wake.

Kinu kilikuwa mbali, kama mutu anagonga mulango wa jirani. Sauti ya Zaina nyembamba, kavu. Kila neno limesimama peke yake.

"Nimefikiri sana. Sitakungoja."

Nikarudisha. Si. Nikavaa Padri. Si. Nikavaa Ngoma yangu. Kinu kinaanguka pale pale, juu ya ile silabi, kinaimeza yote. Inabaki "takungoja". Ile "ni" ya mbele Zaina hakuisema. Niliiweka mimi.

Nikamupa Mama Safi Nyuki bila kumwambia kitu. Amesikiliza. Ametoa ekutere mu sikio, ameipangusa kwa kitenge, amenirudishia kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema. Basi. Hakunitania. Hapo ndipo nilijua.

Sisi wa Lusangi mutu akikataa anapigilia "hapana" nyuma. Nitakungoja hapana. Hata kiziwi anaelewa. Zaina ni mutoto wa waungwana wa muji, Kiswahili chao kimenyooka. Kukataa kwao kunajificha mbele ya neno, kadogo, kama sindano mu godoro. Nilikuwa ninamuchekelea hicho Kiswahili chake. Nilikuwa ninamwambia anaongea kama arusi.

Mwalimu amenunua Padri. Baba mudogo atakuwa amefika Wamaza sasa. Na koti. Na jogoo.

Jumanne, tarehe 14

Nimepiga simu tangu kumekucha. Hakuna rezo. Hata ingekuwepo, ningesema nini? Mzee amekwisha kuketi mbele ya watu.

Shabani amekuja. Pikipiki yake haina pane. Haikuwa nayo. Alikuwa amesimama pale Zaina anarekodi, alisikia kwa masikio yake. "Nilizani ulisikia," anasema. "Ulikuwa unacheka. Nikasema huyu kweli ni mwanaume, anaficha maumivu yake." Jumapili alipoona jogoo ndipo alielewa, lakini aliona haya kunivunja mbele ya mzee.

Nimemutukana. Halafu nimelia, mu soko, saa nne ya asubuhi. Amesimama mbele ya meza yangu na koti lake la mvua limefunguliwa, watu wasinione. Jua lilikuwa kali.

Na mimi nilimwita mwenye wivu.

Alhamisi, tarehe 16

Baba mudogo amerudi. Jogoo pia.

Walimupokea vizuri. Hilo ndilo linaniuma. Walimupa maji ya kunawa, wakamupa chakula, wakamungoja amalize maneno yote aliyoyapanga njiani. Halafu baba ya Zaina akamuita binti. Hakutoka. Alijibu nyuma ya pazia, "Baba, nilimwambia. Nilimutumia sauti." Baba mudogo anasema sauti ilikuwa ya mutu anayelia. Iko mwanaume wa Wamaza, mwenye duka. Duka lenye mulango.

Jogoo walikataa kumupokea. Kwa heshima, anasema. Wangemupokea ingekuwa wamekubali.

Ameketi kwa kiti changu, koti juu ya magoti. "Mwanangu, unauza vitu vya masikio. Na yako uliyauza pia?" Hakuwa anacheka. Nilikuwa na jibu, mimi nina jibu siku zote. Sikulitoa.

Nimepiga magoti nimemuomba radhi. Ameniwekea mukono kwa kichwa. Kama angekuwa amelivaa koti la babu, mikono yake ingekuwa imenifunika macho.

Jumamosi, tarehe 18

Nimebandua ile karatasi. Wateja wananiuliza gani iko ya kwanza. Nawapa zote tatu wajaribu. Mama Safi ameniletea karanga mara mbili bila kusema kitu, mpaka namukumbuka alivyokuwa ananitukana.

Namupenda bado. Nimeandika, imeisha.

Jumapili, tarehe 19

Kwa kanisa nimemuombea, kama alivyoomba. Fupi.

Jogoo baba mudogo amemuacha hapa. Anatembea uani kama mwenye nyumba. Hakuna mwenye roho ya kumuchinja.

Nimesikiliza mara ya mwisho, na Nyuki. Kabla ya lile neno Zaina anavuta pumzi mara mbili. Mara ya kwanza anaiachia bila kusema. Mara ya pili ndio anasema. Ngoma haikunipatia ile.

Shabani anaenda Wamaza kesho. Nimefunga kadi mu kitambaa chake cha maua ya njano. Nimefuta yote, nimerekodi neno moja, "Nimesikia." Nilingoja kwanza kinu cha jirani kinyamaze.