Kamusi Yangu Aliyotaka Niizike

Mwenzangu, weka chini ulichokishika usome. Nimemkomesha mkwe wangu, yule fundi kompyuta!

Ameniletea kompyuta mpya. Ile ya zamani alikwishaigawa bila kuniuliza. Kisha akatangaza mbele ya ukoo mzima: "Mama, mashine hii ni ya aina nyingine kabisa. Programu yako kongwe ya kamusi haitafunguka. Izike."

Izike! Kamusi yangu ya miaka ishirini, maneno elfu tisa! Na binti yangu akacheka.

Nikaivua shingoni flashi yangu yenye programu na maneno yote, nikaichomeka, nikabofya. Ilifunguka kabla sijavaa miwani sawasawa! Kumbe mashine hizi huitafsiria programu ya zamani amri zake, na yangu ni nyepesi, haina madaha.

"Sasa fungua yako, baba," nikamwambia, ile ya kisasa aliyotaka kunihamishia. Ikazunguka, ikazunguka, ikagoma. Sehemu yake ya kuchapia haikuundwa kwa mashine za aina hii, na sehemu ya namna hiyo haitafsiriki.

"Mama, labda nikiisasisha..."

"Izike."

Mwenzangu, binti yangu alicheka tena, safari hii akimtazama mumewe.

Ninapokuandikia, amekaa mbele yangu anaingiza maneno mapya ya herufi M kwa programu ileile kongwe. Haruhusiwi kuinuka kabla ya Z.