Picha ya Mama Inapanda Ndege

Dada Tumaini, shikamoo.

Kaa kwanza ndipo usome. Hapa Kinondoni mama mkwe wa Neema amefika kutoka Marekani na albamu ya picha za bibi yake, ya zaidi ya miaka mia. Tukisubiri wali uive akanipa nitazame, kama tunavyowapaga wageni kwetu. Bibi kwenye maporomoko ya maji. Bibi juu ya gari lililokwama matopeni, kofia kubwa kama ungo, anacheka. Hiyo nikaipenda, nikasema bila kufikiri, "Naomba hii, iwe kumbukumbu."

Neema akatafsiri huku amenikazia macho. Nikajua nimemharibia mtoto wetu ndoa.

Kumbe mama wa watu akaichomoa, akanipa, akagusa pale palipobaki wazi kwenye albamu: "Na wewe nipe yako."

Kwenye pochi nilikuwa na moja tu, dada. Ile picha pekee ya marehemu Mama, uliyonikataza kusafiri nayo. Nimempa.

Mama aliyegoma kupanda hata kivuko cha Kigamboni, kesho anakwenda Marekani. Mie nakuja na bibi wa matopeni. Mpokee, dada, na mie unipokee.

Mdogo wako,
Rehema