Mti Namba 47 Uko Jikoni kwa Baba Mkwe

Mpendwa Mama Falone, mshauri wetu wa redioni,

Naomba msaada wako na ninauomba haraka, kwa sababu leo ni Jumapili na Ijumaa watu wanakuja msituni, na tangu wiki iliyopita mimi si mtu wa kukaa mahali, nikikaa nasimama, nikisimama natoka mpaka barabarani, naangalia simu, narudi, mboga ya sombe inaungua na mimi niko palepale na harufu siisikii, mpaka mume wangu ananiuliza kama nina homa.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina watoto wawili, ninaishi Mbunya hapa Bunia. Kwetu ni Djugu. Tulipokimbia vita nilikaa miaka miwili katika kambi iliyo karibu na msitu uliohifadhiwa, hema moja na mama mmoja anayeitwa Honorine, hakuwa ndugu yangu lakini aligawana nami kila alichopata, na siku niliyozidiwa na malaria alinibeba mgongoni mpaka kituo cha afya. Baadaye Rodrigue akanioa, na mama yake akanipokea kama mtoto wa tumbo lake, hakunitajia kambi hata siku moja. Nakuambia haya ili ujue nimebanwa wapi.

Mwaka jana nilijiandikisha kuwa mkaguzi wa kujitolea wa ule msitu, kwa sababu niliupenda na kwa sababu, nikisema ukweli, nilitaka watu wanione na fulana ya kijani. Walituwekea programu katika simu. Unatembea sehemu yako kila Jumamosi, ukiona mti umekatwa au tanuru la makala, yaani makaa ya kuni, au shimo la dhahabu unapiga picha, simu yenyewe inaandika mahali na saa, unajibu maswali machache, ukipata mtandao unatuma. Swali la mwisho linauliza nani anashukiwa, na majibu yako tayari pale, unagusa tu: mkulima, mchimbaji, mchoma makala, deplase, hajulikani. Deplase ndio sisi tuliokimbia vita. Sasa, Mama, ukigusa "hajulikani" ripoti inakurudia na alama nyekundu, na msimamizi wetu Nathanaël anakuambia urudi kwa miguu ukatafute maelezo. Ukigusa "mkulima", mkulima ana chifu wake, atakuja kupiga kelele ofisini. Ukigusa "deplase" hakuna anayekuuliza kitu. Wakaguzi wote tunalijua hilo, tunafundishana, na tulikuwa tunalicheka.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuta mti namba 47 haupo. Miti mikubwa yote ya sehemu yangu tuliiandika namba kwa rangi nyeupe, na hiyo 47 niliiandika mimi kwa mkono wangu. Gogo lilikuwa limeshaondolewa, kilibaki kisiki, laini juu kama meza kwa sababu walitumia msumeno wa mashine, na unga wa mbao kila mahali, na hakukuwa na mtu, na mvua ilikuwa inakuja kwa nguvu. Nikapiga picha ya kisiki, nikagusa deplase, nikatuma, nikakimbia. Sikufikiri kitu. Au nilifikiri mvua.

Jumanne yake tulikuwa na sherehe ya kuondoa kilio cha mama mkwe, mwaka mmoja tangu atuache. Katika nyumba yao kuni za siku hiyo hazinunuliwi sokoni, wenye msiba wanazikata wenyewe, la sivyo inasemekana marehemu hawakumlilia. Mimi na wake wengine wa ukoo tulikuwa kwenye vyungu tangu asubuhi. Nikavuta gogo moja ili moto upungue chini ya maharage, na kwenye ganda nikaona rangi nyeupe, nne nzima na nusu ya saba. Mama Falone, niliujua mwandiko wangu. Nikalisukuma tena ndani mpaka moto ukala ile rangi, nikaendelea kupika, nikagawa chakula, na mimi nikala.

Siku ya tatu nilimfuata baba mkwe, Papa Gustave, nikapiga magoti, nikamwuliza kwa upole. Hakukataa, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniambia, "Ile muti babu yangu aliikuta pale, hifadhi haiyakuwa. Nilikata sababu ya muke wangu. Ile kuni ilipika chakula ya kilio ya mama yako, na weye ulikula." Kisha akaniuliza habari za watoto.

Ningeweza kunyamaza, si ni mti mmoja. Lakini ripoti yangu ilikuwa ya tano mwezi huu kusema deplase, na Nathanaël akaipeleka juu, na juu wakaamua kwamba wanawake wa kambi, waliokuwa wanaruhusiwa kuokota kuni kavu siku mbili kwa wiki, hawaingii tena. Sasa wanavuka mto kwenda upande ule ambako hata wanaume hawaendi kwa sababu ya watu wenye silaha. Na walinzi walimkuta Honorine na mzigo wake wa matawi na panga, karibu na kile kisiki changu, panga wakachukua, jina wakaandika, na sasa yeye ndiye mshukiwa wa mti namba 47. Ijumaa watakuja wakubwa na chifu kuhakikisha, Honorine ataletwa, mimi nitasimama kwenye kisiki, nithibitishe ripoti yangu na kutia sahihi, halafu yeye atapelekwa mbele ya sheria.

Nilimwona Alhamisi barabarani. Alinishika mikono yote miwili, akanisifu jinsi nilivyonenepa. Kisha akaniambia, "Weye uko na bantu ya hifadhi kila siku. Utuulizie nani aliandika kama ni siye." Nilimwambia nitauliza. Nilimwambia hivyo, Mama, nitauliza.

Mume wangu nimemwambia yote. Anampenda baba yake na mimi ananipenda, na jibu lake ni moja: "Hapana sema kitu. Simu haikuona muntu, na weye haukuona muntu. Sasa utasema nini?" Nilijaribu kuifuta ripoti, haifutiki, ikishatumwa imetumwa. Nikisema, nimemfunga mzee aliyenipa nyumba, katika mwezi wa kuondoa kilio cha mke wake, na ukoo utasema wameokota nyoka kambini. Nikinyamaza, Honorine anafungwa. Nimefikiria hata kusafiri Alhamisi niseme simu imeibiwa. Nifanye nini? Niambie hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi, mkaguzi asiyetulia, Mbunya


MAMA FALONE ANAJIBU

Binti yangu, majina yote nimeyabadilisha, lakini wenye barua hii wakiisikia watajijua, na vizuri wajijue. Nimeiweka mbele ya barua nyingine zote kwa sababu ya Ijumaa yako. Umeomba ugombezwe, basi kaa chini. Najua hukai, lakini jaribu.

Pole kwanza. Pole kwa mama mkwe, maana kwa jinsi ulivyomwandika naona ulipoteza mama mara ya pili. Pole pia kwa kuishi na siri yenye moto mbele yako na watu wanakula. Hiyo si kazi ndogo.

Sasa nikuambie nilichokiona katika barua yako, ambacho wewe hujakiona kwa sababu unazunguka sana. Umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mmoja ni mti wa Papa Gustave. Mwingine ni kidole chako. Unalia juu ya ule wa kwanza ili usiuguse huu wa pili. Unasema "nikisema, nimemfunga mzee". Nani alikuambia uanze na mzee? Honorine hakuandikwa na Papa Gustave, binti yangu. Papa Gustave alikata mti. Wewe ndiye uliyewaandika watu wa kambi, na uliwaandika kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na kwa sababu hao hawana wa kuwasemea ofisini. Wewe uliyelala katika hema lao miaka miwili! Mkulima mlimwogopa kwa sababu ya chifu wake. Deplase mlimcheka. Hapo ndipo nilipotaka kukufinya sikio.

Na mume wako, bila kujua, amekupa dawa mkononi. Amesema hukuona mtu. Ni kweli kabisa. Hukuona mtu! Basi kaandike hivyo. Yeye anayatumia maneno hayo kukufunga mdomo, wewe yatumie kuufungua.

Nimemwuliza mkaguzi mmoja wa upande wa Mahagi anayetumia programu ya namna hiyo. Anasema kufuta haiwezekani, ni kweli, lakini hakuna kinachokuzuia kutuma ripoti ya pili juu ya mti uleule, na zote mbili zinasomwa pamoja. Fanya hivyo leo, usingoje ugali uive. Andika: nilikuta kisiki, sikuona mtu, nilitaja deplase bila ushahidi. Gusa "hajulikani" na uiache ile alama nyekundu ije. Wakikurudisha kwa miguu, rudi kwa miguu. Kosa hilo ni lako peke yako, na kulisahihisha hakuhitaji ruhusa ya mume wala ya ukoo.

Kisha mtafute Nathanaël, uso kwa uso, usimpigie simu. Mwambie jinsi wakaguzi wote mnavyogusa jibu lile, na kwa nini. Wenzako watakununia, wanune. Mwonyeshe picha yako mwenyewe ya kisiki. Umeniandikia kwamba kimekatwa laini kama meza kwa msumeno wa mashine. Honorine alikamatwa na panga na matawi makavu. Tangu lini panga la mama wa kuni linaangusha mti mkubwa hivyo na kuacha kisiki laini? Ushahidi wa kumtoa huyo mama umo ndani ya simu yako tangu siku ya kwanza, na wewe unaikazia macho hiyo simu kutwa nzima bila kuuona. Mwombe pia afungue tena zile siku mbili za kuni kavu. Akisema si kazi yake, mwulize ni kazi ya nani, uende huko.

Sasa tuje kwa baba mkwe. Usimripoti kwa siri, hiyo itakuwa kumchoma mtu aliyekufungulia mlango. Lakini usimfiche pia. Rodrigue hana shangazi? Kila ukoo una shangazi ambaye wazee wanamsikiliza hata wasipotaka. Nenda naye Jumatano, mchana, na mume wako awepo. Mwambieni mzee kwamba kuna mama anakaribia kufungwa kwa ajili ya mti wake, maana katika barua yako sioni mahali ulipomwambia hilo. Ulimwuliza juu ya kuni, hukumwambia juu ya Honorine. Mtu aliyekata mti kwa heshima ya mke wake aliyekufa huenda akakataa mwanamke mwingine alipe. Mpe nafasi hiyo ya kuwa mtu mzima.

Anasema babu yake aliukuta mti kabla hifadhi haijakuwepo. Inawezekana ni kweli, na mimi sina sababu ya kumcheka. Basi aende akaseme hayo mbele ya chifu, kwa mdomo wake, Ijumaa, na wanaojua mipaka wamjibu. Mwenye haki haogopi kuulizwa. Ila haki ya babu yake haiwezi kubebwa kichwani na mama wa kambini.

Na akikataa? Usimtangaze. Lakini wakikuuliza Ijumaa, "Unajua gogo lilikwenda wapi?", utajibu ukweli, na umwambie Jumatano hiyohiyo kwamba utajibu ukweli, ili asishtuke mbele ya watu. Ukoo utasema maneno. Maneno ya nyoka yatakuuma, sikudanganyi. Mke aliyeolewa kwa heshima anaweza kukaa miezi sita akitazamwa vibaya na akabaki mke. Mwanamke aliyevuka mto upande ule wa wenye silaha akitafuta kuni, huyo hatujui kama atarudi.

Habari ya kusafiri Alhamisi na simu kuibiwa, sitaki kuisikia tena. Simu ikiibiwa, ripoti yako ya kwanza ndiyo itakayobaki kusema peke yake.

Ukishatuma ripoti, kabla ya hayo mengine yote kuna safari moja fupi. Nenda kambini kwa miguu yako, bila fulana ya kijani, umwambie Honorine kwamba ni wewe. Usipeleke sukari wala sabuni kwanza, asije akadhani umekuja kununua kinywa chake. Mwambie, ukae. Akilia kaa, akitukana kaa, akikuambia utoke, toka ukae nje ya hema mpaka akuite au asikuite. Hana deni la kukusamehe, na wewe usimwombe asamehe haraka ili upate kupumua.

Na Ijumaa, wakubwa wakifika na wakaguzi wakijipanga upande wao, wewe usijipange nao. Vuka, ukasimame na Honorine. Wakikuuliza mkaguzi anafanya nini upande huo, hapo ndipo uanze kusema.