Mpenzi Msomaji

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima na macho hayakusumbui kama mwezi uliopita. Mimi mzima, maabara ni ile ile, damu za watu na makaratasi.

Salamu ziishie hapo, maana tangu juzi nina swali. Umeandika nini, Baba? Kwa miaka kumi na moja Fundi Nyundo amewasema wakubwa wa kampuni ya simu na wanasiasa wao, kwenye mtandao wa kampuni hiyo hiyo, bila kumung'unya maneno. Hapa kazini tunamsoma kabla ya kuvaa makoti. Mimi hucheka chinichini, kwa kuwa ni mimi peke yangu ninayejua kwamba Nyundo ni wewe, Mzee wa Redio, fundi wa banda la tatu sokoni.

Juzi nafungua ukurasa wako, nakuta unawaambia wafanyabiashara wa soko lako watie saini, wahame, kampuni ijenge ghala la kompyuta zake. Umeiita "mbia wa maendeleo". Wewe! Wewe uliyesema mtu akitamka neno hilo mbele yetu tushike mifuko yetu!

Nikashindwa kujizuia. Nikaandika pale chini, mbele ya watu wote: "Baba, umetuuza. Mimi binti yako naona haya." Haikupita dakika ukanijibu: "Mpenzi msomaji, asante kwa maoni yako. Endelea kuwa nasi."

Baba, mimi ni mpenzi msomaji?

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huu si mwandiko wangu, ni wa jirani yangu mshonaji. Mimi nasema, yeye anaandika. Nilipasuliwa mtoto wa jicho mwezi uliopita, vidonda vikaingia usaha, na macho yote mawili bado yamefungwa bandeji. Sikukuambia kwa sababu nakujua, ungeacha kazi uje kunipikia uji, na uji wako naujua pia.

Sasa nisikilize vizuri. Sijashika simu wiki tatu. Imezima, iko kwenye kopo la misumari, nayo haifunguki bila kuyaona macho yangu. Sijaandika neno lolote, si la kampuni wala la soko. Jirani aliponisomea barua yako nilimwomba airudie.

Kisha nikakumbuka. Siku chache kabla ya upasuaji nilifungua ukurasa nikakuta maandishi marefu, madogo kama mchanga, na kitufe cha Kubali. Sikuona hata mstari mmoja. Nilikuwa nataka kusoma habari za bunge, kitufe kikanizibia njia, nikakibonyeza ili kinipishe. Mimi, mwanangu. Mimi niliyewakaripia watu miaka kumi na moja: soma kabla hujakubali!

Mkutano wa kutia saini ni tarehe ishirini na nane. Wengi wanasema Nyundo akishakubali, wao ni nani wakatae. Nenda kwenye ofisi zao za huko mjini kwako, ukaufunge ukurasa.

(Mimi mshonaji naongeza langu. Miaka yote hii nawasomea watu Nyundo kwa sauti kila asubuhi, na huyu mzee anainamia redio kana kwamba hasikii! Nitamnunia akipona.)

Baba yako


16 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole sana kwa macho. Nisamehe kwa niliyoyaandika mbele ya watu. Msalimie jirani, mwambie asikununie sana.

Nimekwenda. Jengo lao lote kioo, baridi hadi meno yanagongana. Mhudumu wa kaunta alinisikiliza kwa adabu, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Ni kweli ulikubali. Huduma inaitwa Mwandishi Msaidizi. Mwenye ukurasa akinyamaza siku saba, mtambo unaendelea kuandika kwa sauti yake "ili wasomaji wasiachwe wapweke".

Nikamwambia basi ufungeni, mwenyewe hataki. Akasema mwenyewe athibitishe kwamba ndiye. Nikatoa barua yako, akapiga picha aya moja, mtambo ukalinganisha mtindo wa maneno yake na maandishi ya ukurasani. Jibu likaja hapo hapo, kwa rangi nyekundu: "Huyu si mwandishi wa ukurasa huu."

Nikamwuliza, umelinganisha na maandishi yapi? Akasema ya wiki mbili zilizopita. Baba, hayo yote yameandikwa na mtambo wenyewe! Mhudumu akatazama kucha zake, akaniambia, "Dada yangu, hata mimi sielewi."

Imebaki njia moja. Nenda mkutanoni, useme wewe ndiye Nyundo.

Binti yako


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Jicho moja limefunguliwa, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Leo naandika mwenyewe.

Jana nilisimama, nikasema mbele ya soko zima: mimi ndiye Fundi Nyundo. Muuza chai akajibu, "Na mimi ni rais." Walicheka hadi nikatamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti wa soko akasema, "Mzee wetu, Nyundo tunamsoma kila siku, uandishi wake tunaujua." Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nilikuwa napoteza soko na jina kwa pamoja, na hakuna aliyeniamini isipokuwa jirani, naye wakasema tumepanga uongo.

Jirani akanyanyua simu yake. Akasoma maneno yako kwa ile sauti yake ya asubuhi: "Baba, umetuuza. Mimi binti yako naona haya." Halafu akasoma jibu.

Muuza vitunguu, yule asiyesema mikutanoni, akauliza, "Mzazi gani anamwita mwanawe mpenzi msomaji?"

Mwenyekiti aliomba asomewe tena, akasomewa. Kisha muuza chai akaitoa kalamu mezani, akaichomeka mfukoni mwake. Hakuna aliyetia saini, mwanangu. Ile hasira yako uliyoiombea radhi ndiyo iliyotuokoa.

30 Machi, asubuhi. Bahasha nilikuwa sijaifunga. Nimeichaji simu, nikafungua ukurasa kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe. Chini ya maneno yako lile jibu la kwanza halipo. Mtambo umeweka jingine:

"Mwanangu, nisamehe. Nimekukumbuka sana. Njoo nyumbani. Baba yako."

Nilikuwa nimefungua simu huku nikifikiria namna ya kuimalizia barua hii, na hayo ndiyo maneno niliyokusudia kukuandikia. Sijui niseme vipi tofauti. Hayo ndiyo niliyo nayo.

Usiujibu ule mtambo. Shika karatasi hii, itazame mistari inavyopanda.

Nimekukumbuka sana. Njoo nyumbani.

Baba yako